Mwanangu, Bunduki Nayo Hula

Kaa, mwanangu. Chai bado ina moto. Simu ilaze kifudifudi hapo kando, nataka macho yako.

Umesema bunduki yako imekushinda. Ulijijazia risasi mwenyewe, ukapunguza baruti ili kichwa cha risasi kiende chini ya kasi ya sauti. Ukapiga ya kwanza, ikalia tufu, ukafurahi. Ukafinya tena, kimya. Kutazama, ganda la ile ya kwanza limebanwa mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Ukalichomoa kwa kidole, ukapiga nyingine, ganda lake nalo likabanwa. Alasiri nzima ikaishia hapo. Sasa unataka nikuambie uongeze nini au ukate nini, upesi, kabla ya Jumamosi.

Jumamosi iache ipite. Mimi jambo hili lilinichukua karibu miaka miwili hapa Texas, na katika miaka hiyo nilikaribia kupoteza mkono. Sikufichi kitu. Nitakusimulia nilipokosea, nawe usikilize kwa utaratibu.

Babu yako kule Mahenge, Tanzania, alikuwa na gobore. Wewe unalijua kwa picha tu. Baruti ilimiminwa mdomoni mwa mtutu, zikafuata nyuzi za katani, ikafuata risasi, kisha vyote vikashindiliwa kwa mdeki. Fataki ikavishwa nyuma. Mlio mmoja, halafu kazi yote upya. Alipokuwa akimimina baruti hatukuruhusiwa kumsemesha. Hata bibi yako akiita chakula tayari, hakuitika mpaka kipimo kimeingia na pembe ya baruti imezibwa. Nilikuwa nikidhani ni ukali wa wazee. Nilikuja kumwelewa nikiwa na miaka arobaini na mitano, mbele ya mizani yangu mwenyewe.

Gobore halikudai kitu kutoka kwenye mlio wake. Baruti ikiwa nyingi au kidogo, mikono ya babu ndiyo iliyopakia tena. Bunduki yako ni ya nusu otomatiki. Inajipakia yenyewe, na ili ijipakie lazima ile. Inakula makombo ya risasi iliyotangulia.

Tazama inavyokwenda. Fataki inawasha baruti, baruti inageuka gesi, gesi inasukuma kichwa cha risasi. Katika mtutu kuna tundu dogo. Kichwa kikishalipita tundu hilo, na kabla hakijatoka mdomoni, gesi kidogo inaingia humo na kurudi nyuma kwa bomba jembamba. Inaisukuma bolti. Bolti inafunguka, inachomoa ganda, inalitupa nje, inabana springi. Springi inairudisha mbele, nayo ikirudi inachota risasi mpya kwenye magazini. Yote hayo yanakwisha kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Eugene Stoner wa kampuni ya ArmaLite ndiye aliyebuni bunduki za namna hii yako, miaka ya 1950. Risasi yake ilikuwa ya mbio. Kichwa cha gramu 4 hutoka kwa zaidi ya mita 900 kwa sekunde. Sauti yenyewe, kukiwa na nyuzi 20 za joto, husafiri mita 343 kwa sekunde. Sasa wewe umekichukua kichwa kile kile cha gramu 4 ukakishusha hadi mita 320. Nguvu iliyobaki ni karibu moja ya nane. Gesi imekuwa haba. Bolti inarudi nusu ya njia, inaishiwa, inalibana ganda. Bunduki yako haijaharibika, mwanangu. Ina njaa.

Mimi sikulijua hilo. Nilidhani ni ubishi wa chuma. Nikakata springi. Haikusaidia. Nikachukua mashine ya kutoboa, nikapanua tundu la gesi, nikapanua tena. Siku moja ikakubali. Risasi tano zikatoka mfululizo, maganda yakaruka vizuri. Nikamwita mama yako aje aone. Wiki iliyofuata nikatia risasi za kawaida, zile za mbio, katika mtutu uleule. Tundu nililolipanua kwa ajili ya gesi haba likapokea gesi tele. Bolti ikawa inarudi kwa kishindo, inakwangua vitako vya maganda, na hatimaye kikucha cha kuchomolea ganda kikavunjika. Tundu ukishalipanua halirudi. Mtutu ule niliutupa, nao ulikuwa mtutu mzuri.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani, mkulima wa karanga. Nguruwe mwitu walikuwa wakimfukulia shamba usiku, na ndiyo sababu sote wawili tulitaka risasi ya chini ya kasi ya sauti, isiyopasua anga. Ukimpiga mmoja kwa mlio mkubwa, wengine thelathini wanatoweka, kesho wanarudi wakiwa wajanja zaidi. Mzee alinisikiliza nikilalamika, kisha akaniwekea vichwa viwili viganjani. Kimoja cha gramu 4, kingine cha gramu 14 na ushei. Akasema, kama umejinyima mbio, basi tafuta uzito.

Nililala nikiliwaza neno hilo. Kasi ina mpaka, kwa sababu sauti haisogei kwa ajili yako. Kitu pekee unachoweza kuongeza ni uzito. Kichwa cha gramu 14 kikienda mita 315 kwa sekunde kina zaidi ya mara tatu ya nguvu ya kile cha gramu 4 kwa mwendo huohuo. Na kukisukuma kunahitaji gesi zaidi, kwa hiyo yanabaki makombo ya kuilisha bolti.

Watu walikuwa wameliona hilo zamani. J. D. Jones wa Ohio alikuwa na risasi yake ya .300 Whisper kufikia miaka ya 1990. Mwaka 2011 ndugu yake wa karibu, .300 Blackout, akapata vipimo rasmi vya viwanda vya Marekani. Ganda lake ni lile la milimita 5.56, kama la bunduki yako, lililofupishwa na kupanuliwa mdomo ubebe kichwa cha milimita 7.62. Magazini ni ileile, bolti ni ileile, unabadilisha mtutu tu. Katika mitutu yake mingi tundu la gesi liko karibu zaidi na chemba, mahali ambapo gesi bado ina shinikizo. Na mifuo ya ndani ya mtutu inazunguka upesi, mzunguko mmoja kwa kila inchi 7 au 8, kwa sababu kichwa kirefu kisipozungushwa vya kutosha kinapepesuka hewani. Kikipepesuka ndani ya kiwambo cha sauti, kile kinachofungwa mdomoni mwa mtutu kupunguza mlio, kinagonga kuta zake na kukipasua.

Kwa hiyo jibu la bunduki yako ni hili. Huo mtutu wa 5.56 usiulazimishe. Utatumia pesa nyingi na bado utakwama. Weka mtutu uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Nakuona unakunja uso kwa sababu ya bei. Mtutu niliouharibu kwa mashine ya kutoboa nao ulikuwa na bei.

Sasa sogea karibu, hapa ndipo ninapotaka uwe makini.

Kila anayejifunza kujaza risasi huogopa kuzidisha baruti, na anaogopa kwa haki. Lakini katika risasi hizi za polepole, kupunguza nako kunaua. Mimi nilikuwa nimeshika imani kwamba kidogo ni salama. Nikitaka kimya zaidi napunguza. Bado inapasua anga? Napunguza tena. Kitabu cha kiwanda cha baruti kilikuwa rafuni, kina kiwango cha chini kabisa, mimi nikakiona kiwango hicho ni cha waoga.

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, nipo na yule mzee shambani. Nikapiga. Mlio ukawa mdogo mno, kama mtu aliyegonga meza kwa fundo la kidole. Bolti haikusogea. Nikaona ni ileile njaa niliyoizoea. Nikavuta bolti kwa mkono, ganda tupu likadondoka, risasi nyingine ikapanda. Nikaweka kidole. Mzee akanishika kifundo cha mkono. Hakupiga kelele. Alinishika tu, kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

Tukatoa magazini, tukatoa risasi iliyomo, tukafungua bunduki, tukatazama ndani ya mtutu kutoka upande wa chemba. Hatukuona mwanga. Kichwa cha risasi ya kwanza kilikuwa kimekwama katikati ya mtutu. Baruti ilikuwa kidogo kiasi kwamba haikuweza hata kukitoa nje. Ningepiga ya pili, ingekikuta cha kwanza njiani, na gesi isingekuwa na pa kwenda ila kuupasua mtutu, karibu kabisa na mkono wangu wa kushoto. Wewe ulikuwa na miaka minne. Ulikuwa umekaa nyuma ya lori, unakula karanga mbichi.

Mlio ukibadilika, simama. Hata kama unaona haya mbele ya wenzako, simama, pakua, tazama mtutu. Bunduki inayokwama kila mara inakufundisha tabia mbaya ya kuvuta bolti na kuendelea, na ndiyo maana nataka utibu njaa yake kwanza kabla hujazoea kukwama.

Kuna tabia nyingine ya baruti kidogo ndani ya ganda. Inabaki na nafasi. Ukiinamisha bunduki, inalala mbele. Ukiiinua, inalala nyuma karibu na fataki. Kwa baruti nyingine kasi hubadilika kwa sababu hiyo tu. Nilikuwa nikipata mita 300, kisha 330, kisha 290, nikailaumu mizani. Chagua baruti inayojaza ganda vyema. Nazo zina tabia. Ipo inayowaka kama nyasi kavu, imekwisha kazi kabla gesi haijafika tunduni. Ipo nzito ya kuwaka, inaacha punje mbichi ndani ya bunduki na uchafu kila mahali. Ipo ya kati. Sitakutajia jina wala kipimo hapa mezani, kwa sababu kipimo cha bunduki yangu si cha bunduki yako. Fungua kitabu cha kiwanda kilichotengeneza baruti unayoinunua, toleo jipya, ukae ndani ya mipaka yake ya juu na ya chini.

Nafasi ile ndani ya ganda ina hatari ya pili. Kipimo kikiwa kidogo, kipimo maradufu nacho kinaingia, wala hakimwagiki kukuonya.

Usiku mmoja nilikuwa nimepanga maganda 50 kwenye ubao wenye matundu. Simu ikalia kutoka nyumbani. Ilikuwa ni habari ya shangazi yako mkubwa. Nikatoka nje, nikakaa ngazini, nikalia kidogo. Niliporudi nilitaka mikono ipate kazi. Nikaendelea pale nilipodhani niliishia. Nikamaliza, nikatia vichwa, nikafunga kisanduku, nikalala.

Saa tisa usiku nikaamka. Neno lililoniamsha ni lile la kudhani. Nikashuka, nikachukua nyundo ya kung'olea vichwa, nikaanza kuzifumua zote 50 moja moja, nikimwaga baruti ya kila moja kwenye mizani. Hapa Marekani baruti hupimwa kwa punje, punje 7,000 katika ratili moja, na punje moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Moja ikawa sawa. Kumi zikawa sawa. Thelathini zikawa sawa, nikaanza kujiona mwoga. Ya 31 ilikuwa na kipimo mara mbili. Nikaitazama ile baruti kwenye kisahani mpaka kukapambazuka.

Tangu siku ile, maganda yakishatiwa baruti nayamulika kwa tochi, yote kwa pamoja ubaoni, kabla sijatia kichwa hata kimoja. Jicho linaona upesi lile lililojaa kuliko wenzake. Na simu haikai chumba kimoja na baruti. Mtu akiniita nikiwa katikati, siitiki, kama babu yako.

Mengine nitayapitia haraka, lakini uyashike. Risasi ya .300 Blackout inaweza kuingia chemba ya bunduki ya 5.56 na bolti ikafungwa. Ukifyatua, kichwa cha milimita 7.62 kinalazimishwa kwenye mtutu wa milimita 5.56, na bunduki inapasuka. Magazini zinafanana. Zako zitie rangi, na siku ya kwenda na moja, nyingine ibaki nyumbani na risasi zake.

Kipima kasi kinunue kabla ya kiwambo cha sauti. Sauti yenyewe haina mwendo mmoja. Siku ya Agosti yenye nyuzi 35 inakwenda karibu mita 352 kwa sekunde. Asubuhi ya Januari maji yakiganda inashuka hadi 331. Risasi yangu ya mita 340 iliyokuwa kimya wakati wa joto ilipasua anga kama mjeledi wakati wa baridi, nami nikaapa kwamba kiwambo kimeharibika.

Na usimpige mnyama aliye mbali. Risasi hii inaanguka. Ukiilenga ipige barabara mita 50, kwenye mita 100 imeshuka karibu shubiri nzima. Nguruwe aliyejeruhiwa tumboni anakwenda kufia vichakani kwa mateso. Nilimfanyia hivyo mmoja, na kumtafuta usiku kucha hakukunipunguzia chochote.

Utaniuliza kwa nini nahangaika na kimya hiki chote. Ni kwa ajili ya masikio yako. Yule mzee jirani alikuwa kiziwi wa sikio la kushoto kwa ajili ya bunduki. Hiram Maxim aliyebuni bombomu mwaka 1884, ile bunduki ya mfululizo inayojipakia kwa nguvu ya teke lake la kurudi nyuma, alikuja kuwa kiziwi. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, ndiye aliyepata hataza ya kiwambo cha sauti mwaka 1909. Bombomu ya baba tunaijua kwetu. Mwishoni mwa Agosti 1905 watu wetu walilishambulia boma la Mahenge wakiamini maji ya dawa yatawakinga na risasi, nazo bombomu za Wajerumani zikawafyeka. Babu yako alisimuliwa na waliokuwepo. Alipokuwa akinifundisha gobore alinisimulia habari hiyo kwanza, ndipo akaniruhusu kushika mtutu. Nami nakusimulia. Kitu unachokichezea Jumamosi kilibuniwa kuua watu wengi kwa haraka. Kishike ukilijua hilo.

Sheria pia uishike. Kiwambo chako kisajiliwe kwa serikali ya shirikisho, kama sheria yao ya mwaka 1934 inavyodai. Na ukienda likizo Tanzania, habari hizi zibaki huku. Kule kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kujiundia risasi bila kibali ni kosa. Usimfundishe binamu yako kwa kujionyesha.

Mezani hapa hatujazi risasi. Mwaka wa kwanza nilijaza papa hapa, mama yako akanihamishia banda la nyuma, nami nikanuna. Yeye alikuwa sahihi. Lugha yetu inaliita jambo hili kwa jina lake. Risasi ni kile unachopiga, na risasi ni yale madini yenyewe, nayo ni sumu. Vumbi lake linakaa vidoleni, linaingia kwenye ugali, linamdhuru mtoto kuliko mtu mzima. Nilikuwa nikikumegea tonge kwa vidole hivyo. Nawa mikono kwa sabuni kabla hujamshika mwanao.

Daftari unalo? Basi andika kila kitu, tarehe, joto la siku, kichwa, baruti, kipimo, kasi, ganda limeruka wapi. Badilisha kitu kimoja kwa siku moja. Ukibadilisha viwili na bunduki ikakubali, hutajua ni kipi kilichoilisha. Jaza risasi tano, nenda, piga, rudi, andika. Wiki nyingine tano tena. Ndiyo, itachukua miezi. Daftari langu la kwanza lina kurasa za miezi saba kabla ya bolti kubaki wazi nyuma baada ya risasi ya mwisho, kama inavyotakiwa. Nimekuwekea, lipo kabatini. Usinakili vipimo vyake, soma makosa yake.

Zile ulizojaza juzi usizipige. Zilete zote, hata zile unazodhani ziko sawa. Ijumaa jioni njoo na bunduki ikiwa tupu, bolti wazi, na simu uiache kwa mama yako. Nyundo ya kung'olea vichwa ninayo. Tutazifumua mimi na wewe, moja moja, tuzipime.